Nafasi ya Kutoka: Muda, Umbali na Msitu wa Karibu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 28 za likizo kwa mwaka, na inataka wiki yake ya kawaida ya kazi isizidi saa 45. Kenya, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, inatoa siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo. Kwa maandishi, basi, mtu mwenye ajira rasmi Dar es Salaam au Nairobi hana sababu ya kulalamika kwamba hajawahi kuukanyaga mlima ulio saa mbili kutoka kwake. Lakini muulize likizo ya mwaka jana iliishia wapi. Atakutajia msiba wa baba mkubwa, harusi ya binamu, wiki nzima ya kusimamia mafundi kiwanjani Chanika, na siku kadhaa za kufuatilia hati. Likizo imekwisha. Hakupumzika, wala hakutoka.

Na huyo ndiye mwenye bahati. Mama ntilie, dereva wa bodaboda, fundi cherehani na machinga hawana likizo ya kuandikiwa barua. Siku wasiyofungua kazi ni siku isiyoingiza kitu, na kodi ya chumba haijui Jumapili.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba watu wajifunze kupanga muda: amka mapema, zima simu, punguza tamthilia. Hauna ubaya, ila unamtwika mtu mmoja mzigo ambao sehemu kubwa yake si yake. Anayetoka Mbagala saa 11 alfajiri kuwahi kazi Masaki na kurudi saa 3 usiku hajashindwa kupanga muda. Muda wake umeliwa barabarani. Ukiwatazama wale ambao kweli hutoka mwezi hata mwezi, wapanda milima, waendesha baiskeli, waogeleaji wa asubuhi, utaona mambo mawili yanajirudia: mahali pa kwenda pako karibu, na kuna watu wanaowasubiri. Nia inakuja nafasi ya tatu. Anayetaka kujua kwa nini wengine hubaki ndani na aanze na hayo mawili.

Mlima wa mara moja

Kikwazo cha kwanza kiko kwenye picha tuliyonayo kichwani. Kwa wengi wetu, matembezi ya porini ni ya mgeni mwenye kofia pana, gari la kukodi na kamera yenye lenzi ndefu. Sisi tumo kwenye picha hiyo kama dereva, mpishi, mwongozaji au mgumu, yaani mpagazi. Kwa mgumu anayepanda Kilimanjaro na mzigo wa kilo 20 wa mtu mwingine, mlima ni ajira, na siku ya mapumziko ni siku ya kukaa Moshi na watoto. Kumhubiria huyo utamu wa hewa ya mlimani ni kumkosea adabu.

Hata hivyo mlima huo ni wetu kwa njia nyingine pia. Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera kileleni, na hadi leo vikundi vya Watanzania hupanda kila Desemba kuadhimisha siku hiyo. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo mno ukikilinganisha na cha mgeni. Lakini hata kwa bei hiyo, kilele cha mita 5,895 kinataka siku tano au sita, mavazi ya baridi kali, mazoezi ya muda mrefu na ruhusa ya bosi. Kwa walio wengi ni jambo la mara moja maishani. Hapo ndipo penye mtego: mtu akishaamini kwamba matembezi ya kweli ni yale ya kileleni, Jumamosi zake zote za mwaka zinakuwa hazifai kitu, kwa kuwa hakuna hata moja inayotosha Kilimanjaro.

Mlima huohuo una mlango mdogo. Kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, kuna njia ya msituni ambayo mwenye afya ya kawaida huipanda na kuishuka kwa siku moja. Mkazi wa Moshi hahitaji likizo kwa hilo. Anahitaji siku moja, koti la mvua na mtu wa kwenda naye. Lakini ni nadra kusikia mtu akijisifu kwamba amefika Mandara. Sifa zimewekewa kileleni, na watu hufuata sifa zilipo.

Jua letu huzama mapema

Mwingereza Alastair Humphreys aliizunguka dunia kwa baiskeli kwa miaka minne, kuanzia 2001. Baadaye akatambua kwamba wasomaji wake wengi hawana miaka minne ya kutoa, na mwaka 2014 akachapisha kitabu cha matembezi madogo, ya gharama ndogo na ya karibu na nyumbani. Hesabu yake ni nyepesi. Mwajiri ana saa nane za mchana, lakini kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 asubuhi ya kesho yake kuna saa 16 ambazo ni za mtu mwenyewe. Panda treni ukitoka kazini, lala kilimani, oga mtoni, rudi ofisini.

Wazo ni zuri, ila linategemea jua la Uingereza. Mwezi Juni jua la London huzama baada ya saa 3 usiku, na aliyetoka kazini saa 11 ana zaidi ya saa nne za mwanga. Sisi tulio jirani na ikweta hatuna zawadi hiyo. Dar es Salaam na Nairobi, mwaka mzima, jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni; ukishatoka ofisini na kupenya foleni, giza limeshaingia. Na anayelala kilimani peke yake bila kumwarifu mtu, katika sehemu nyingi za kwetu, atatembelewa na mgambo au kibaka kabla ya kutembelewa na usingizi.

Kinachotufidia ni asubuhi. Jua linachomoza karibu na saa 12, Januari hadi Desemba, bila kubadilika sana. Kabla ya saa 3 hewa bado haijachemka, barabara za Jumamosi na Jumapili ziko wazi, na pwani upepo haujakaza. Kwa hiyo anayetaka kulileta wazo la Humphreys Afrika Mashariki aligeuze: aiache jioni, achukue saa 12 hadi saa 4 asubuhi, kisha arudi kwenye nguo za kufua, misa ya pili na kikao cha harusi.

Je, saa nne zinatosha kitu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Mathew White na wenzake, uliochambua majibu ya watu wapatao 20,000 nchini Uingereza, ulikuta kwamba waliokaa angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha kuliko wasiotoka kabisa. Haikuleta tofauti kama dakika hizo zilikuja kwa mkupuo mmoja au kwa vipande. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba msitu ndio ulioleta afya; huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini kwa mtu mwenye shughuli nyingi, habari ya vipande ni ya kutiliwa maanani. Nusu saa nne za wiki zinaingia kwenye ratiba ambayo siku nzima ya Jumamosi haiingii.

Fulana, mchango na mtu wa kukugongea

Jibu letu wenyewe kwa suala hili limekuwa likipita mbele ya macho yetu kila mwisho wa wiki, likiimba. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam hukusanyika kabla jua halijachomoza, kwenye kituo cha daladala, uwanja wa shule au mbele ya duka la mwanachama. Fulana ni za rangi moja, jina la kikundi mgongoni. Kiongozi ana filimbi. Mbele wamo vijana wenye pumzi, katikati akina mama na watu wazima, nyuma ya wote pikipiki au kirikuu chenye spika, na magari hayana budi kusubiri. Nyimbo ni za mchakamchaka ule wa shuleni, maneno yakibadilishwa kuwatania wanachama waliolala. Wanafika ufukweni au uwanjani, wananyoosha viungo, kisha inafuata supu na chapati na tangazo la bonanza la mwezi ujao.

Mtu anayedharau jambo hilo kwa kuwa ni mwendo wa lami tu anakosa la maana. Vikundi vingi vina katiba, ada ya mwezi na mweka hazina. Mwanachama akifiwa, kikundi huenda msibani na rambirambi yake, akioa, kinachanga. Kwa mpangilio huo matembezi hayashindani tena na wajibu wa kijamii, yamekuwa sehemu yake. Yule aliyeipoteza likizo yake kwenye misiba na harusi angesema hana nafasi ya kutoka. Mwanachama wa jogging amewaunganisha wenzake wa matembezi na wenzake wa shida wakawa watu walewale. Na asipotokea alfajiri, atagongewa.

Nairobi mfumo ni mwingine kidogo. Waandaaji wa safari za milimani hutangaza kwa WhatsApp na Instagram: mlima, tarehe, ugumu wa njia, na bei moja inayojumlisha usafiri, kiingilio na mwongozaji. Unalipa kwa M-Pesa, unatajiwa mahali pa kukutana katikati ya jiji, na saa 12 kamili matatu inaondoka. Pesa iliyokwisha kulipwa humwamsha mtu kuliko kengele ya simu. Mfumo huo unamfaa mgeni wa jiji asiye na kikundi, na unamtoa mtu na watu asiowajua, jambo ambalo kwa vijana wengi ni nusu ya raha yenyewe. Ila hauna mizizi ya jogging: mwandaaji akiacha, kikundi kimekufa.

Yote mawili yanaonyesha kwamba uwezo wa kupanga tunao. Jamii inayoweza kuchangisha mamilioni ya harusi kwa kamati, mwenyekiti, kadi za ahadi na vikao vya kila Jumapili haishindwi kupeleka watu ishirini msituni mara moja kwa mwezi. Shilingi chache za kila wiki kwa mweka hazina zinatosha nauli na kiingilio cha kikundi kizima, na mwanachama hausikii uzito wa pesa hiyo kwa mara moja.

Umbali ndio bei

Chukua Longonot, mlima ambao wakazi wengi wa Nairobi huanzia. Uko kama kilomita 90 kutoka jijini. Ukiondoka saa 12 asubuhi, saa 2 hivi uko langoni. Kupanda hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1; kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2 nyingine, majivu ya volkano yakiteleza chini ya kiatu, huku upande mmoja ukitazama msitu ulio ndani ya shimo na upande wa pili Ziwa Naivasha. Kilele kina mita 2,776. Ukishuka na kula, ni mchana uliokwisha kwenda. Ukifika nyumbani ni jioni. Siku nzima imekwenda, na nauli, na kiingilio, na chakula cha njiani. Ni siku njema sana, lakini mwenye watoto na biashara hawezi kuitoa kila wiki.

Sasa mchukue mtu huyohuyo, akae upande wa Kiambu Road au Githogoro. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, uko mlangoni kwake. Kuna maporomoko ya maji, mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau, na njia za miguu na baiskeli. Anaweza kuingia asubuhi na mapema, akatembea saa moja na nusu, akarudi kuoga na kuwahi kazi. Hajachukua likizo, hajaomba ruhusa, hajakodi gari. Muda wake wa kutoka umetengenezwa na msitu kuwa pale ulipo.

Na msitu huo haukubaki pale kwa bahati. Katika miaka ya 1990 sehemu za Karura ziligawiwa wajenzi binafsi. Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake waliokwenda kupanda miti walishambuliwa na watu waliowekwa kuulinda uwanja wa ujenzi, naye akajeruhiwa kichwani. Miaka kumi nyuma, 1989, alikuwa amesimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kuota ndani ya Uhuru Park, na halikuota. Ujenzi wa Karura nao ulizuiwa, lakini kwa miaka mingi baadaye watu waliendelea kuuogopa msitu huo kwa sababu ya wezi. Kilichougeuza ni uzio, walinzi na chama cha wakazi kilichoundwa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2005, kikifanya kazi na Shirika la Misitu la Kenya. Kulinda ardhi ilikuwa kazi ya kwanza. Kumfanya mwanamke aweze kutembea humo peke yake saa 1 asubuhi ilikuwa kazi ya pili, na bila hiyo ya pili ile ya kwanza ingewafaidi ndege tu.

Dar es Salaam haina Karura katikati yake, ila ina bahari na ina Pugu. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vilivyotangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975, viko mwendo mfupi wa boti kutoka Kunduchi na Masaki. Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni mabaki ya msitu wa pwani uliokuwa mpana zaidi, ukamegwa na mkaa, mashamba na viwanja. Uko kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Anayekaa Gongo la Mboto ana msitu karibu kuliko anayekaa Masaki. Ni moja ya mambo machache ya jiji hili ambayo mtu wa pembezoni amemzidi mtu wa ufukweni, na wengi wa huko hawajawahi kuambiwa kwamba wanaweza kuingia.

Umbali pia unaweza kufupishwa. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari iliyokuwa ya saa nne hadi sita kwa basi ikawa ya saa mbili au pungufu. Milima ya Uluguru, ambayo kwa mtu wa Dar ilikuwa safari ya kulala, sasa ni ya kwenda na kurudi kwa anayewahi treni ya asubuhi. Bajaji itakutoa stesheni hadi chini ya mlima. Kutoka hapo ni miguu kuelekea Morningside, nyumba iliyojengwa enzi za Wajerumani. Njiani utapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoteremka na mboga kichwani kwenda sokoni, hatua zao za haraka kuliko zako. Kwao hiyo ni njia ya kazi, na salamu ndiyo kiingilio cha kwanza unachodaiwa. Reli haikujengwa kwa ajili ya watembezi, lakini imewapa muda mwingi kuliko semina yoyote ya kupanga muda.

Nani anabaki nyumbani?

Kila anapotoka mtu mmoja asubuhi ya Jumamosi, kuna mwingine anayebaki na nguo, jiko na watoto, na mara nyingi huyo ni mke, binti mkubwa au dada wa kazi. Mume anayejisifu kwamba amepata nafasi ya kupanda mlima kila mwezi angetazama kwanza nafasi hiyo imetoka kwa nani. Kuna njia za kulipunguza tatizo hilo. Moja ni zamu: Jumamosi hii anatoka mmoja, ijayo mwingine, na zamu iandikwe, maana ahadi ya mdomo huliwa na wageni wa ghafla. Nyingine ni kuchagua mahali watoto wanapofika kwa miguu yao: ufukwe wakati maji yamekupwa, shamba la bibi, njia ya msituni isiyo na mwinuko. Mtoto wa miaka sita hatamaliza Longonot, lakini atashinda kutwa kwenye kijito chenye kaa wawili. Na dada wa kazi apewe siku yake ya kupumzika iliyo yake kweli, isiyoliwa na matembezi ya wenye nyumba.

Wanawake wana hesabu nyingine juu ya hiyo. Njia ambayo mwanamume anaiona tulivu, mwanamke anaiona haina watu. Wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea, ingawa wamezaliwa hatua chache kutoka majini. Ndiyo maana vikundi, hasa vyenye wanawake wengi au vya wanawake watupu, vimekuwa mlango mkubwa kwao kuliko ramani na programu za simu. Mavazi nayo yasigeuzwe kuwa mtihani. Dera na raba vinapanda Pugu vizuri, na hijabu haijamzuia mtu kuendesha baiskeli.

Ibada inaweza kupangiwa bila ugomvi. Mwislamu ana alfajiri iliyokwisha kumwamsha. Akitoka msikitini amevaa raba, kazi ngumu ya kuamka imeshafanyika. Mkristo ana misa ya kwanza na ya pili, na ana Jumamosi. Wanaokwama zaidi ni wafanyabiashara wadogo, ambao Jumamosi ndiyo siku yao ya mauzo. Kwao siku ya kutoka ni Jumatatu au Jumanne asubuhi, wateja wanapokuwa wachache, na hao kwa nadra hufikiriwa na waandaaji wa safari.

Hofu zenye sababu

Wanaoogopa pori wasichekwe. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwakuta wageni ndani ya korongo la Hell's Gate, Kenya, na baadhi yao wakapoteza maisha. Korongo jembamba hukusanya maji ya eneo kubwa lililo juu yake. Mvua ikinyesha mbali, maji yanaweza kukufikia wewe uliye chini bila hata tone kukuangukia. Kwa hiyo msimu wa masika na vuli makorongo huachwa, na mwongozaji wa mahali husikilizwa anaposema leo hapana.

Bahari nayo ina kalenda yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali mno na hurudi kwa kasi. Aliyetembea hadi mwambani kutazama pweza hujikuta kina kimeshaingia kati yake na ufukwe. Kipindi cha kusi bahari huchafuka na boti ndogo hutaabika. Hakuna haja ya kununua kifaa kwa ajili ya hayo. Mvuvi yeyote wa Kunduchi atakuambia maji yanaanza kujaa saa ngapi, ukimuuliza kwa adabu kabla hujavua viatu.

Yaliyobaki ni mazoea ya kawaida: kuacha nyumbani jina la njia na saa ya kurudi, kwenda zaidi ya mmoja, kubeba maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha, na kugeuka mapema kuliko unavyotaka kwa kuwa giza letu halichelewi. Ijumaa usiku begi lifungwe: chupa mbili za maji, kofia, filimbi, mihogo ya kuchemsha au chapati, tochi hata kama safari ni ya mchana. Begi lililofungwa Ijumaa ndilo linalotoka Jumamosi. Linalotafutwa saa 11 alfajiri gizani hurudi kabatini.

Kazi ya jiji

Nchi ambazo watu wake hutoka kwa wingi hazikufika hapo kwa tabia njema pekee. Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Ardhi ilikuwa ya mabwana waliotaka kubaki na ndege wao wa kuwinda. Vijana wale walikuwa na Jumapili moja tu kwa wiki na walitaka mahali pa kuitumia. Watano walifungwa. Mwaka 1949 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa, na 1951 eneo hilohilo, Peak District, likawa hifadhi ya kwanza. Norway iliandika kwenye sheria ya mwaka 1957 haki ya kila mtu kupita kwa miguu kwenye ardhi isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe, ilimradi asiharibu.

Karibu na sisi, Kigali imeonyesha kwamba hatua si lazima ziwe za gharama kubwa. Tangu 2016 jiji hilo hufunga barabara kadhaa kwa magari Jumapili maalum, watu wakakimbia, wakatembea na kuendesha baiskeli. Mwaka 2022 ardhi oevu ya Nyandungu, yenye hekta 121, ilifunguliwa kuwa bustani ya umma baada ya kufufuliwa. Na kuanzia Januari 2023 Rwanda ilisogeza saa rasmi za kazi ziwe saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, ikitaja pamoja na mengine nafasi ya wazazi kuwa na watoto wao. Kwa nchi iliyo jirani na ikweta hatua hiyo ina maana ya pekee, kwa kuwa mwanga wa asubuhi sasa uko upande wa mfanyakazi.

Dar es Salaam na Nairobi zinaweza kuanza na madogo. Lango la hifadhi ya jirani na jiji lifunguliwe saa 12, maana linalofunguliwa saa 3 limewafungia wenye kazi. Njia ya daladala ifike langoni mwisho wa wiki. Kiingilio cha mkazi kiwe cha kumudu kwa familia ya watu watano, na mwenye simu isiyo na intaneti aweze kukilipa. Maeneo ya wazi ya mitaa, yale yaliyobaki, yapimwe na yawekewe alama kabla hayajageuka fremu za maduka. Waajiri nao wana la kufanya: kampuni inayolipia hoteli kwa mkutano wa mwaka inaweza kuwapa wafanyakazi asubuhi moja ya Ijumaa kila mwezi, na gharama yake ikawa ndogo kuliko ya chakula cha ukumbini.

Kwa mtu mmoja, basi, shauri ni fupi: chagua mahali palipo chini ya saa moja kutoka kwako, tafuta watatu au wanne wa kwenda nao, wekeni mchango kidogo, chukueni asubuhi moja ya mwezi na muiheshimu kama mnavyoheshimu kikao cha harusi. Kilimanjaro itasubiri. Lakini shauri hilo linafanya kazi pale tu penye mahali pa kwenda, na mahali hapo pakishajengwa hakuna ratiba itakayoparudisha. Kwa hiyo mkutano ujao wa serikali ya mtaa, diwani akimaliza kujibu maswali ya maji na barabara, aulizwe na hili: eneo la wazi lililo kwenye ramani ya kata yetu liko wapi, na hati yake imeshikwa na nani?